Kidonge Kimoja, Maini Mengi

Mama yangu mkubwa anaishi Marangu. Kila jioni, taarifa ya habari ya saa mbili ikianza, anameza kidonge kimoja cha miligramu 20. Huu ni mwaka wa tatu. Kidonge kinaitwa tamoksifeni, na kazi yake ni kuizuia saratani ya titi aliyokwisha kufanyiwa upasuaji isirudi. Aliambiwa ni miaka mitano bila kuruka siku, naye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa daftari la mahudhurio. Hajaruka.

Kliniki alikuwa na rafiki, mwanamke wa Mwika waliyekaa naye benchi moja tangu mwanzo. Ugonjwa wa aina moja, umri wa kukaribiana, kidonge kile kile. Mwaka jana saratani ilimrudia yule rafiki ikaingia kwenye mifupa, na kabla ya Krismasi tukamzika. Nilipopanda mlimani kumpa pole mama mkubwa, hakuniuliza habari za Dar. Aliuliza hivi: "Tulimeza wote, mwanangu. Mbona mimi nimebaki, yeye ameondoka? Wewe si mwandishi? Kaniulizie."

Nimeuliza. Jibu la rafiki yake sikulipata na sitalipata, maana saratani hurudi kwa sababu nyingi na maiti haipimwi kwa udadisi wa mwandishi. Ila katika kuuliza nilikuta historia ambayo sikuijua, na ambayo ilinishangaza kwa jinsi inavyopita karibu na kwetu. Inapita Kibong'oto, inapita Muhimbili, inapita Harare. Kisha inafika kwenye sanduku la dawa la mama mkubwa na kusimama hapo, kama gari lililoishiwa mafuta kwenye mlima.

Tuanze na kidonge chenyewe. Kilitengenezwa mwaka 1962 na mwanakemia aliyeitwa Dora Richardson, katika maabara za kampuni ya ICI huko Alderley Park, Uingereza. Kikapewa namba tu: ICI 46,474. Wala haikuwa dawa ya saratani. Kundi lao, likiongozwa na Arthur Walpole, lilikuwa linatafuta kidonge cha kuzuia mimba cha asubuhi ya pili yake. Kwa panya kilifanya kazi vizuri. Kwa wanawake kikafanya kinyume: kikachochea mayai kupevuka. Yaani dawa ya kuzuia mimba ikawa inasaidia kuipata.

Wengine wangeitupa. Walpole alikuwa na hamu ya zamani na saratani, na aliona kwamba kitu kinachoweza kuizuia homoni ya estrojeni kinaweza kuwa na kazi nyingine. Mwaka 1971 daktari Mary Cole na wenzake wa Hospitali ya Christie, Manchester, wakachapisha matokeo ya kwanza. Kati ya wanawake 46 wenye saratani ya titi iliyokwisha sambaa, 10 walipata nafuu. Namba ndogo, lakini madhara yake yalikuwa mepesi kuliko ya dawa zilizokuwepo. Uingereza ikaanza kuitumia mwaka 1973 kwa jina la Nolvadex, na Marekani ikaidhinisha mwaka 1977. Leo tunajua, kwa hesabu zilizojumuisha majaribio mengi na kuchapishwa mwaka 2011, kwamba miaka mitano ya tamoksifeni hupunguza vifo vya saratani ya titi yenye vipokezi vya estrojeni kwa karibu theluthi moja. Ni dawa chache za bei nafuu zenye rekodi kama hiyo.

Kwa wapenzi wa maandishi kuna jambo dogo hapa. Mwaka 1980 Dora Richardson aliandika historia ya dawa aliyoitengeneza. Haikuchapishwa. Ilikaa miongo mingi kwenye makabrasha, na ni katika miaka ya karibuni tu watafiti wa historia wameifufua. Mwanamke aliyetengeneza dawa iliyookoa wanawake wengi namna hiyo, kitabu chake kikalala kabatini. Tulishike hilo, kwa sababu habari ya maarifa yanayolala kabatini itarudi tena.

Na mwaka ule wa 1971, mwezi Machi, hapa Moshi ilifunguliwa hospitali ya KCMC chini ya mlima. Kidonge na hospitali vilianza safari zao pamoja bila kujuana.

Sasa, kidonge kinafanyaje kazi? Hapa nilikwama, mpaka nilipokumbuka pombe.

Yeyote aliyekulia mlimani anajua kwamba ndizi siyo mbege. Unachukua ndizi mbivu, unazichemsha, unaziacha zichachuke kwa siku kadhaa, unachanganya na uji wa kimea cha ulezi, unatia na gome la msesewe kwa uchungu wake. Mkungu mmoja ukiugawa kwa wapishi wawili unaweza kupata mbege mbili tofauti kabisa: moja imeiva, nyingine imebaki togwa. Kosa si la ndizi.

Tamoksifeni ni ndizi. Ikiwa kama ilivyo, nguvu yake ni ndogo. Ikifika kwenye ini, vimeng'enya vya mwili huipika na kuigeuza kuwa vitu vingine, na kimojawapo kinaitwa endoksifeni. Hicho ndicho kinachobana kwenye vipokezi vya estrojeni kwa nguvu makumi ya mara kuliko kidonge chenyewe. Saratani nyingi za titi hukua kwa kulishwa na estrojeni; kipokezi ni tundu la kufuli, estrojeni ni ufunguo, na endoksifeni huingia tunduni na kukaa humo ufunguo usipite. Mpishi mkuu wa hatua hii ni kimeng'enya kinachoitwa CYP2D6. Maelekezo ya kukitengeneza yameandikwa kwenye jeni iliyoko katika kromosomu ya 22, na kila mmoja wetu amerithi nakala mbili, moja kwa mama na moja kwa baba. Shida ni kwamba nakala hizi hazifanani. Zipo zinazotoa mpishi hodari, zipo zinazotoa mpishi mzembe, zipo zisizotoa mpishi kabisa.

Wazo hili kwamba dawa moja inakutana na miili tofauti si la jana, na mlima wetu ulikuwepo tangu mapema. Hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, ilianza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mwaka 1952 dunia ikapata isoniazidi, dawa ya TB iliyokuwa rahisi na ya kumeza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea, hospitali za Kenya, Uganda na Tanganyika, Kibong'oto ikiwemo, zilishiriki majaribio makubwa yaliyofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, kutafuta mchanganyiko wa dawa ambao nchi maskini zingeweza kuumudu. Isoniazidi pamoja na thiasetazoni ikatoka humo, ikatumika Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa.

Katika miaka hiyo hiyo ikagundulika kwamba watu hawaiondoi isoniazidi mwilini kwa kasi moja. Kwa wengine inatoka haraka, kwa wengine inakawia, na mwaka 1960 ikathibitika kwamba tofauti hiyo inarithiwa. Mwaka 1959 Mjerumani Friedrich Vogel alikuwa amekwisha kuupa uwanja huu jina: famakojenetiki, elimu ya vinasaba na dawa.

Lakini kilichofuata ndicho ninachotaka msomaji akikumbuke. Ilipoonekana kwamba dawa ikitolewa mara moja kwa wiki, wale wenye kuiondoa haraka ndio wanaoshindwa kupona, madaktari hawakuhitaji kupima jeni za kila mgonjwa kijijini. Dozi ya kila siku ilitosha, na tofauti ikapungua makali. Tofauti ya damu ilijibiwa kwa ratiba. Lakini ili uijibu kwa ratiba, lazima kwanza mtu awe ameiona, na ili aione lazima awe ameitafuta kwa wagonjwa wenyewe, mahali walipo.

Kimeng'enya cha tamoksifeni kilipatikana kwa ajali, tena ajali ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1975 Profesa Robert Smith wa Hospitali ya St Mary's, London, alikuwa anachunguza debrisokwini, dawa ya shinikizo la damu. Kama ilivyokuwa desturi wakati ule, yeye na wenzake wa maabara waliimeza wenyewe. Wenzake hawakuona kitu. Yeye shinikizo lake likaporomoka, akashindwa hata kusimama. Dozi ilikuwa moja. Angekuwa mtu mwingine angesema nimeumwa tu siku hiyo. Smith akauliza kwa nini mimi. Mkojo ukapimwa, ikaonekana mwili wake karibu hauichakati kabisa dawa ile. Mwaka 1977 yeye na wenzake wakachapisha katika jarida la Lancet kwamba hali hiyo inarithiwa. Huko Bonn, Michel Eichelbaum alikuwa amefikia jambo lile lile kwa dawa nyingine, sparteini. Mwaka 1988 jeni yenyewe ikanakiliwa. Ikajulikana kwamba Wazungu kati ya asilimia 5 na 10 hawana mpishi huyu.

Basi dunia ikaandika kwenye vitabu: kuna wachakataji wa kawaida, na kuna wachache wa polepole. Vipimo vikatengenezwa vya kuzitambua nakala mbovu zilizokutwa Ulaya. Ukipima damu ya Mwafrika kwa kipimo hicho, nakala hizo mbovu unazikuta kwa nadra. Jibu likawa: huyu ni wa kawaida.

Kumbe siyo.

Aliyelifungua hili vizuri ni Mzimbabwe, Collen Masimirembwa. Mwaka 1996 yeye na wenzake walieleza toleo la jeni ambalo halikuwa kwenye vitabu vya Ulaya, likapewa jina CYP2D6*17. Si mpishi asiyekuwepo. Ni mpishi wa polepole. Na halikuwa la watu wachache: kwa Wazimbabwe waliopimwa, karibu theluthi moja ya nakala zote zilikuwa za aina hiyo. Mwaka huo huo Eleni Aklillu, Mwethiopia aliyefanya kazi Sweden, alionyesha na wenzake hali iliyo kinyume: asilimia 29 ya Waethiopia waliowapima walibeba nakala za ziada za jeni hii, wapishi juu ya wapishi, wenye kuichoma dawa kabla haijatulia. Harare na Addis Ababa zote ni Afrika, zote ni "weusi" kwenye fomu za hospitali za Ulaya, lakini dawa moja ingewakuta watu wawili wasiofanana hata kidogo. Neno "Mwafrika" likaonekana kwamba si kipimo cha maabara.

Halafu ikaja zamu yetu. Mwaka 1999 kundi la watafiti wa Sweden, pamoja na Amos Massele, bingwa wa famakolojia wa Muhimbili, walichapisha matokeo ya Watanzania waliomeza debrisokwini. Kwa kuangalia jeni zilizojulikana, Watanzania hawa walipaswa kuichakata dawa kama Wazungu. Hawakufanya hivyo. Walikuwa polepole zaidi, na jeni zilizokuwa zinajulikana hazikutosha kueleza kwa nini. Mwaka huo huo kundi jingine, la Denmark likiwa na Watanzania, nalo lilichapisha uchunguzi wake juu ya kimeng'enya hiki hiki kwa Watanzania. Mwaka 2001 lile kundi la Sweden na Muhimbili likaeleza toleo jingine linalopatikana kwa wingi Tanzania na lenye kupunguza kasi ya uchakataji: CYP2D6*29. Maelezo ya toleo hilo yaliandikwa kwa damu ya Watanzania.

Mwaka uliofuata wakaongeza jambo lililonifanya niweke kalamu chini. Waliwapa Watanzania dawa nne tofauti, kodeini na metoprololi zikiwemo, zote zikipita kwa kimeng'enya hiki. Waliokuwa na toleo *17 hawakuwa polepole kwa dawa zote kwa kiwango kimoja. Mpishi wao ni mzuri kwa chungu hiki na mzembe kwa chungu kile. Maana yake, huwezi kumpima mtu kwa dawa ya shinikizo la damu ukatabiri atakavyofanya kwa dawa ya saratani. Lazima uipime dawa yenyewe, kwa watu wenyewe.

Sikiliza tarehe hizi sasa. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wanawake wanaotumia tamoksifeni pamoja na paroksetini, dawa ya sonona inayomzuia mpishi huyu, wanabaki na endoksifeni kidogo zaidi. Mwaka 2005 kundi la Mayo Clinic likaripoti kwamba wanawake wasio na mpishi kabisa walirudiwa na saratani zaidi. Dunia ya saratani ikashtuka. Swali la mama mkubwa wangu, kwa nini yeye na siyo mimi, likapata jibu linalowezekana. Wakati huo maelezo ya *17 na *29 yalikuwa yamekwisha chapishwa. Mtu angeweza kuchukua karatasi ya Dar es Salaam kwa mkono mmoja na ya Marekani kwa mkono mwingine na kuuliza: je, mwanamke wa Tanzania anayemeza miligramu 20 anapata endoksifeni ya kutosha? Miaka ikapita. Swali hili kwa toleo *17 lilijibiwa kwa uzito mwaka 2023, na waliolijibu ni Wazimbabwe, Masimirembwa akiwa mmoja wao. Wakaonyesha kwamba wenye toleo hilo hutengeneza endoksifeni kidogo kuliko wenye wapishi wazima. Miaka 27 tangu toleo lenyewe lielezwe.

Nisimdanganye msomaji kwamba kesi imekwisha. Haijaisha. Mwaka 2012 uchambuzi wa majaribio mawili makubwa, ATAC na BIG 1-98, ulitoka kwa pamoja na kusema hakuna uhusiano kati ya jeni hii na kurudi kwa saratani. Wapinzani wakajibu kwamba baadhi ya vinasaba vilichukuliwa kwenye uvimbe badala ya damu, na uvimbe wa saratani hupoteza vipande vya kromosomu, kikiwemo kipande hicho hicho. Ugomvi ule haujatulia mpaka leo. Mwaka 2018 muungano wa kimataifa wa wataalamu wa famakojenetiki ulitoa mwongozo: mwenye mpishi mbovu afikiriwe dawa nyingine, au dozi ya miligramu 40 pale dawa hizo nyingine zisipofaa. Madaktari wengi wa saratani bado hawapimi, wanasubiri ushahidi zaidi.

Ila angalia ni nani waliohesabiwa katika ugomvi huo. Majaribio yote mawili yalikuwa ya wanawake waliokwisha koma hedhi, na vinasaba vilivyochambuliwa upande wa ATAC vilitoka kwa wagonjwa wa Uingereza. Huku kwetu wagonjwa wengi wa saratani ya titi bado hawajafikia umri huo, na kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi tamoksifeni ndiyo nguzo, kwa sababu zile dawa mbadala peke yake hazimfai. Kwa hiyo mtu anaposema "imethibitika kwamba jeni hii haina maana", mimi nauliza: haina maana kwa nani?

Hapa najua nitapata barua. Watu wenye akili timamu wataniambia: wewe mwandishi, unaongelea jeni wakati wanawake wa Rombo wanafika hospitali titi limekwisha fungua kidonda? Wana haki. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti nchini ya mwaka 2017 ilieleza kwamba takriban wanawake wanane kati ya kumi hugundulika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Kilimanjaro aliyehitaji mionzi alipanda basi la kwenda Dar, zaidi ya kilomita 500, mpaka Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwenye majengo yaliyoanzia enzi za Wajerumani. KCMC ilipata kituo chake cha saratani mwaka 2016 tu. Na kuna jambo la msingi zaidi: tamoksifeni haina faida kwa saratani isiyo na vipokezi vya homoni. Kipimo cha kujua kama vipo kinahitaji maabara ya patholojia, kemikali zake na mtu wa kuisoma slaidi, na sehemu nyingi za Afrika Mashariki kipimo hicho kimekuwa cha kusubiri au cha kulipia. Mwanamke anaweza kumeza miaka mitano kidonge ambacho uvimbe wake haukisikii. Hilo ni kosa kubwa kuliko la *17, na halihitaji mashine ya kusoma jeni kulirekebisha.

Tena kuna wapishi wanaoharibiwa na dawa nyingine, na hapa Kibong'oto inarudi. Rifampisini, dawa kuu ya TB ya leo, huyaamsha maini yakaiteketeza tamoksifeni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta kiwango cha tamoksifeni mwilini kikishuka kwa asilimia 86. Katika mkoa wenye hospitali ya TB ya karibu miaka mia moja, mwanamke mwenye magonjwa yote mawili si kitu cha kufikirika. Kwake kipimo cha jeni hakina haraka. Chenye haraka ni daktari kumuuliza, "Mama, unatumia dawa gani nyingine?"

Kwa hiyo nakubali: kuwahi hospitali kwanza, kipimo cha vipokezi cha pili, kumaliza miaka mitano ya dawa cha tatu. Jeni inakuja nyuma yao. Ninachokataa ni kuiita anasa. Anasa ni kitu unachoongeza juu ya maisha yaliyokamilika. Huku tunaongelea kama dozi iliyoandikwa kwenye boksi iliwahi kuwauliza watu wanaoimeza. Sababu ya mwanamke wa Rombo kuchelewa na sababu ya *29 kukaa miaka mingi kwenye majarida ni ndugu: wote wawili hawakuwa kwenye hesabu ya mtu aliyekuwa anapanga. Na historia ya isoniazidi inatuonyesha kwamba jibu la jeni linaweza kuwa la bei rahisi, ratiba tu au dozi tu, mradi swali liulizwe na watu wa hapa kwa wagonjwa wa hapa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuifuata karatasi baada ya kuchapishwa, mpaka wodini.

Nilirudi Marangu mwezi uliopita. Nikamweleza mama mkubwa yote haya jikoni, akiwa anamenya ndizi za mtori, na mfano wa mbege niliutumia nikaona ameuelewa kabla sijaumaliza. Akauliza kama kuna njia ya kujua mpishi wake ni wa namna gani. Nikamwambia kipimo kipo duniani, kliniki yake hakipo, na hata kikiwepo madaktari hawajakubaliana wafanye nini na jibu lake. Nikamwambia pia kwamba sijui kama ndicho kilichomwondoa rafiki yake, na kwamba asiache dawa kwa sababu ya maneno ya mwandishi. Akienda kliniki awaonyeshe dawa zote anazotumia, hata za dukani.

Alinyamaza akimenya. Kisha akauliza juu ya yule mama wa Uingereza, aliyeitengeneza dawa na kuandika kitabu kikawekwa kabatini. "Kilitoka?"

Nikamwambia, kimetoka, ila alikuwa amekwisha fariki.

"Hizo karatasi za damu zetu nazo," akasema, "zitoke tukiwa hai." Akanawa mikono. Redio ilikuwa imeanza kupiga mdundo wa taarifa ya habari, akaenda kuchukua kidonge chake.